Mama Hosiana na Simu Zinazolala

Ukikaa na cherehani kwa muda mrefu pembeni ya njia iendayo machimboni, utawajua watu kwa vikohozi vyao kabla hujawaona sura. Yupo anayekohoa kwa sababu ya sigara, yupo anayekohoa ili mkewe ajue amerudi, na yupo anayekohoa kwa kuwa amekuta wanawake wamekaa naye hana la kusema. Kikohozi cha Marwa hakikuwa miongoni mwa hivyo. Kilikuwa kikavu, kilianzia chini kabisa, na kikiisha kilimwacha ameshikilia nguzo ya banda la mkewe akitafuta hewa. Mimi nilikuwa upande wa pili wa bati nikiunga kola za mashati ya watu, na kila alipokohoa, mguu wangu uliacha kukanyaga. Sikupenda. Kazi yenyewe haina faida, halafu nisimamishwe na kifua cha mume wa mtu.

Mkewe ni Bernadina, Msumbwa wa Ushirombo, mtoto wa familia ya misheni iliyosali rozari hata siku za kuvuna karanga. Hapa tunamwita Mama Hosiana, kwa jina la binti yake anayesoma huko Ushirombo kwa bibi yake. Marwa ni Mkurya wa Tarime, Msabato, aliyekuja kufuata dhahabu akisema atakaa msimu mmoja tu. Huku nyuma ya Runzewe sijamwona aliyekaa msimu mmoja, isipokuwa aliyezikwa.

Mama Hosiana anachaji simu. Wachimbaji wanalala kwenye maturubai huko kambini, hakuna umeme, na hata ungekuwepo, sheria ya duara inakataza kushuka na simu. Duara ndilo shimo lenyewe la dhahabu. Wenye maduara hawataki mtu aone jiwe zuri huko chini akampigia mnunuzi kabla wao hawajajua. Kwa hiyo asubuhi, zamu inayoshuka inapitia kwake kuacha simu, na jioni inazifuata zikiwa zimejaa. Anakata karata ya kuchezea vipande viwili. Kimoja anakifunga kwenye simu kwa raba, kingine anaondoka nacho mwenye simu. Ukipoteza nusu yako ya shupaza, utakaa kwenye benchi mpaka wote wachukue zao ibaki ya kwako. Hajawahi kupoteza simu ya mtu, na kwa watu wanaoibiana mpaka koleo, hilo si jambo dogo.

Alikuwa na haja moja tu, nayo haikuwa siri kwa mtu yeyote mtaani: alitaka mumewe aende hospitali akapimwe kifua. Alisema asubuhi akimpa uji, akasema jioni akimpa maji ya kuoga. Nilimsikia kupitia bati mpaka nikawa najua neno litakalofuata.

"Baba Hosiana, kesho twende. Wanapima bure."

"Vumbi tu hilo, mama. Nikinywa maziwa litashuka."

Maziwa! Wachimbaji wetu wanaamini kwamba maziwa yanaosha vumbi kifuani, na Wasukuma wenye ng'ombe hawana sababu ya kuwakatalia. Kila jioni Marwa alikunywa kikombe kikubwa cha maziwa mabichi, akajipangusa mdomo, akakohoa pale pale. Ningekuwa mimi ndiye maziwa, ningeona haya.

Sababu yenyewe aliificha nyuma ya maziwa, ila tuliijua. Duarani hakuna mshahara. Mtu anatoa nguvu zake, anakula ugali wa mwenye duara, na anangoja. Siku duara likitema, maana yake siku mawe ya dhahabu yakipatikana, kila aliyekuwepo anapata mgao wake wa mifuko. Likitema wewe umeondoka, huna chako, hata kama wewe ndiye uliyelichimba tangu likiwa futi ya kwanza. Mtu akionekana na TB huambiwa akapumzike kwanza asije akawaambukiza wenzake, na aliyepumzika hana mgao. Basi wanaume wanakohoa wakisingizia vumbi, na wenzao wanaitikia kwamba ni vumbi, kwa kuwa kesho zamu ya kusingizia itakuwa yao.

Katika hali hiyo akaja Stanslaus. Alikuja na pikipiki kutoka Mwanza, kijana msafi, fulana yenye nembo, na maneno mengi kuliko mzigo wake. Alisimama mbele ya banda jioni moja, wachimbaji wakiwa wamekuja kuchukua simu, akatueleza mradi wake. Walikuwa wamekusanya sauti za vikohozi kutoka kwa wagonjwa waliokubali, na walitaka kuifundisha mashine isikilize kikohozi na kujua kipi ni cha hatari. Kuifundisha kunahitaji kompyuta kubwa ambazo mradi haukuwa nazo. Lakini simu nayo ni kompyuta ndogo, alisema, na simu iliyolala kwenye chaji mchana kutwa ni kompyuta iliyokaa bure. Ukiziunganisha nyingi, za hapa na za mikoa mingine, kila moja ukaipa sehemu yake ya kazi, kwa pamoja zinakuwa kompyuta kubwa. Picha za mtu wala meseji zake hazitaguswa. Mwenye simu atapata bando kidogo, na banda litawekewa intaneti.

Wanaume walimsikiliza kama wanavyomsikiliza mgombea, kila mmoja akitafuta pa kutokea. Nilimwona Mama Hosiana ameacha kufungua raba. Alikuwa akimtazama yule kijana, kisha akamtazama mumewe pale kwenye nguzo, kisha kijana tena. Akadakia.

"Jamani, ni duara hilo," akasema. "Kuna mwamba mkubwa, simu moja haiuwezi. Kila simu inapewa kipande chake inavunja, inarudisha, inapewa kingine. Nyinyi mko chini mnavunja wa kwenu, na simu zenu ziko hapa kwangu zinavunja huo mwingine."

Hapo vichwa viligeuka. Maduhu, kiongozi wa zamu ya asubuhi, Msukuma aliyezaliwa karibu na Mwadui na kukulia kwenye mashimo, alikuna kidevu.

"Na likitema?"

Stanslaus hakuelewa, ikabidi aelezwe. Akacheka kwa furaha, maana aliona ameeleweka.

"Likitema ni la wote, kaka. Bure. Mtu atakohoa kwenye simu, na simu itamwambia."

"Kwenye simu yake hii hii?"

"Ndiyo mpango."

"Wabeja," Maduhu akasema, na Msukuma akishakushukuru hivyo, biashara imekwisha. Wakaanza kurudisha simu mezani mmoja mmoja ziwekewe hiyo programu. Wa mwisho alikuwa Marwa. Simu yake ilikuwa na ufa toka kona hadi kona na mfuniko uliofungwa kwa uzi niliompa mimi.

"Weka na yangu," akasema. "Mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kuikoholea."

Mama Hosiana alicheka siku ile. Nilimwelewa. Alikuwa amepata kitu kitakachomsikiliza mumewe kifua bila nesi kuita jina lake mbele za watu, na bila yeye kuacha zamu hata moja. Alidhani amepata mlango, na ningekuwa yeye ningedhani hivyo hivyo.

Basi simu zikaanza kazi. Zamani simu ikiwa kwenye chaji ilikuwa imelala kweli. Sasa ukiigusa inakuchoma kidogo, unajua ndani yake kuna shughuli. Mama Hosiana alitafuta vigae vilivyobaki kwenye nyumba ya mnunuzi mmoja wa dhahabu, akavitandaza juu ya meza, akazipanga simu juu yake zisigusane, maana kigae kinapoza. Zilizovimba betri alizitoa kazini na kumwambia mwenyewe kwamba simu yako imestaafu, itachaji tu. Alijifunza kutazama ule mstari wa kijani unaoonyesha kazi imefika wapi. Wateja walimtania.

"Mama Hosiana, simu yangu siku hizi inachoka kuliko mimi."

"Basi leo ibebe wewe, isikubebe yenyewe."

Na Marwa kila jioni, kabla ya maziwa, aliuliza swali lile lile: "Duara lako limefika wapi?" Mkewe alimjibu kwamba linaendelea, halijatema. Mwanzoni alimjibu kwa furaha. Mvua za vuli zikaja zikaondoka, pamba ikapandwa, na mstari wa kijani ukawa unasogea kama mzee anayekwenda kwenye kikao asichokitaka. Kikohozi kilisogea haraka zaidi. Sasa Marwa alipotoka kambini alipumzika mara moja kwa fundi baiskeli na mara ya pili kwangu. Kwangu alijifanya anaangalia vitambaa. Aliulizia suruali ambayo hakuwa na nia ya kuishonesha, nami nilimjibu kama mteja wa kweli ili apate muda wa kuhema.

Mama Hosiana akarudia ombi lake, safari hii bila kubembeleza. Ilikuwa mchana, niko kwangu na sindano, wao wako kwao, na bati halizuii neno.

"Twende Ushirombo, Baba Hosiana. Hiyo mashine itatukuta huko huko."

"Simu yangu inavunja mwamba tangu mwaka jana. Niondoke sasa, likikaribia kutema?"

"Hospitali na hiyo simu vinahusianaje?"

"Mtu hatoki duarani akaenda kuchimba kwingine, Mama Hosiana. Ukitoka umetoka. Nimeshaweka nguvu zangu hapa, nangoja hapa."

"Ule ulikuwa mfano! Nilitoa mfano ili muelewe!"

"Na tulielewa," Marwa akasema, akaanza kukohoa, na mazungumzo yakaishia hapo kwa kuwa hakuna anayeweza kugombana na mtu aliyeinama.

Nataka mtu asinielewe vibaya. Marwa hakuwa mjinga. Amewahi kukaa kwenye shimo moja mpaka ndevu zake zikaanza mvi, wenzake wakaondoka mmoja mmoja wakisema hapa hamna kitu, na wiki chache baada ya wa mwisho kuondoka lile shimo likatema. Ndiko alikopata nyumba ya bati ya mama yake kule Tarime. Maisha yalimfundisha somo moja, kwamba anayeondoka mapema hupoteza, naye alilishika mpaka likamshika yeye. Nilimwonea huruma, na wakati huo huo nilitamani kumpiga na ubao wa kupimia.

Mama Hosiana alimwendea Maduhu. Alimkuta kwenye benchi akingoja simu yake, akakaa karibu naye, akazungumza kwa heshima kama ajuavyo.

"Shemeji, wewe anakusikiliza. Mwambie aende akapimwe. Mwambie mgao wake mtamtunzia."

Maduhu si mtu mbaya. Amelipia misiba mingi kuliko anayohusika nayo.

"Shemeji, nikisema nitamtunzia yeye, kesho kila mwenye kikohozi atakuja kwangu. Duarani watabaki nani?" Kisha akaongeza polepole, "Halafu hiyo mashine si inakaribia? Tuvute subira kidogo. Kifua chenyewe ni vumbi."

Niliuma uzi nikaukata kwa meno. Hapo ndipo nilipowachoka wote: Maduhu na vumbi lake, Marwa na subira yake, na hata Mama Hosiana na upole wake. Nilimwambia amfungie mumewe ndani, amnyime chakula, amwite padri, amwite mchungaji wa Kisabato. Akaniambia padri alishakuja, mchungaji naye alishakuja, na wote wawili Marwa aliwakaribisha maziwa.

"Nimechoka, Mama Aneth," akasema. "Sichoki kufanya kazi. Nimechoka kusema jambo moja."

Alikuwa amechoka kweli. Alikuwa akiamka kufungua banda, akipoza simu, akipika, akimkanda Marwa mgongo, na siku ya Jumapili akipiga magoti kanisani mpaka watu watoke wote. Marwa alikuwa ametolewa kwenye kuchoronga mwamba akawekwa kwenye kuvuta kamba juu. Kamba ikamshinda, akawekwa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, ambako vumbi ni jingi kuliko huko chini alikotolewa. Hiyo ndiyo huruma ya machimboni. Mwishowe Maduhu mwenyewe alimwambia akae kwa mkewe, jina lake litabaki kwenye zamu mpaka hapo mashine itakapotema. Kwa hiyo Marwa akawa anashinda bandani, amekaa kwenye kiti cha plastiki kati ya simu zilizolala, akiutazama ule mstari wa kijani kama mtu anayelinda shamba. Nilimwona amekonda mpaka shati nililomshonea likawa la mtu mwingine.

Stanslaus alirudi Jumapili moja mchana, watu wametoka misa, wengine wanatoka sokoni. Hata kabla hajazima pikipiki alikuwa anatabasamu.

"Imekamilika!"

"Limetema!" mtu akapiga kelele, na neno hilo huku halipigiwi kelele mara mbili. Walitoka kwenye magenge, wakatoka kwenye pombe, wakaja na nusu za karata mkononi. Mama Hosiana alimsimamisha mumewe, akamfunga vifungo vya shati kana kwamba anakwenda kupigwa picha. Mimi nilifunika cherehani nikaenda kusimama naye.

Stanslaus alianza na simu ya Maduhu. Akagusa, akangoja, akagusa tena. Haikukubali. Akachukua ya mwingine, nayo ikagoma. Akachukua ya Marwa yenye ufa, na sasa alikuwa anatoka jasho. Simu iliandika kwamba haina nafasi ya kutosha, ikajizima.

"Tatizo nini?" Maduhu akauliza.

"Unajua, kaka, kila simu ilikuwa inabeba kipande. Vipande vyote vikiwekwa pamoja ni kitu kikubwa. Kinataka simu ya kisasa kidogo. Hizi zimeweza kukifundisha, ila kukibeba kizima haziwezi." Alisema hivyo akitazama pikipiki yake. "Wenzangu wanasema watakipunguza kiwe kidogo. Wanakifanyia kazi."

Kelele zilizofuata sitaziandika zote, nyingine hazifai. Maduhu aliinua mkono wakanyamaza.

"Bwana mdogo, sisi huku mtu akivunja jiwe, anaondoka na jiwe. Hata mwizi tunamjua kwa hilo. Uliniambia kwenye simu hii hii."

"Nilikuambia ndiyo mpango."

"Mpango," Maduhu akasema, akatema mate pembeni.

Sikumwona Stanslaus kuwa mwongo. Nilimwona ametumwa, na waliomtuma wako mbali, na kijana aliyetumwa ndiye anayepigwa na jua. Lakini siku ile sikuwa na huruma ya kumgawia, niliyokuwa nayo ilikuwa imekwisha upande mwingine.

Ndipo Marwa aliposema. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakasogea ili wamsikie.

"Ya kwako inaweza?"

Stanslaus akatoa simu yake mfukoni, kubwa, inayong'aa. "Hii inaweza."

"Ilete."

Wakampisha. Hakuhitaji kujilazimisha, kikohozi kilikuwa kimesimama mlangoni siku nyingi kikingoja kuitwa. Alikohoa kwenye ile simu mpaka Stanslaus akatamani kuvuta mkono nyuma, akakohoa mpaka Mama Hosiana akamshika kiuno. Wanaume wote wale, ambao kila siku walikuwa wakisema ni vumbi, walisimama kimya wakikisikiliza, na nadhani ilikuwa mara yao ya kwanza kukisikiliza. Simu ikafikiri. Kisha ikaandika, na Stanslaus akasoma kwa sauti.

"Kikohozi hiki kinahitaji uchunguzi. Tafadhali nenda katika kituo cha afya kilicho karibu nawe ukapimwe kifua."

Marwa alingoja. "Halafu?"

"Basi."

"Inasema tu hivyo?"

"Yenyewe si daktari, mzee wangu. Inakuonyesha njia tu."

Marwa alitazama ile simu, akamtazama mkewe. Sijawahi kuona mtu mzima akiwa na uso ule. Na Mama Hosiana, ambaye tangu nimjue hajawahi kumpandishia mumewe sauti mbele za watu, akafungua mdomo.

"Na mimi je? Si ndiyo maneno yangu hayo? Hospitali, kifua, nenda! Nimekuambia kwa Kiswahili hicho hicho, asubuhi na jioni, tangu tukiwa bado tunavuna mahindi yale ya shamba la kwanza! Mimi ulinisikia nini, Baba Hosiana? Mpaka nichomekwe kwenye umeme?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akajuta. Mama Hosiana alikuwa analia sasa, analia kwa hasira, anajipangusa kwa mkono wenye nusu ya karata, na hakuna mwanaume aliyejua aweke wapi macho yake. Maduhu alivua kofia. "Tumekosa, shemeji," akasema. Nikamwambia kukosa kunaweza kungoja, atafute gari kwanza.

Akalitafuta. Kesho yake asubuhi tulikwenda Ushirombo, Marwa mbele karibu na dirisha, sisi wawili nyuma. Alipigwa picha ya kifua, akatoa makohozi, akangoja kwenye benchi pamoja na wengine, na jina lake lilipoitwa mbele za watu hakuna aliyegeuka. Kila mtu pale alikuwa anasikilizia la kwake.

Daktari Elieth alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Alituonyesha picha kwenye mwanga. TB ipo, alisema, nayo ina dawa, itapona. Lakini chini ya hiyo TB kuna vumbi la mwamba lililokaa muda mrefu mpaka likawa makovu, na hilo halitoki kwa dawa. Wala kwa maziwa, akaongeza, kwa maana ametibu wachimbaji wengi. Pumzi aliyoipoteza hatairudisha. Atunze iliyobaki, na asikanyage tena machimboni, si duarani, si kwenye karasha.

"Ulianza kukohoa lini?" akamuuliza Marwa.

Marwa akamgeukia mkewe amjibie. Mama Hosiana akajibu, mwaka na msimu.

"Mngekuja wakati ule," daktari akaanza, kisha akauona uso wa Mama Hosiana, na sentensi hiyo hakuimaliza. Aliandika dawa akatupeleka kwa nesi.

Nesi alikuwa mtawa, Sista Tereza, mkali kidogo, aina ninayoipenda. Alitupangia vidonge mezani akaeleza jinsi ya kumeza kila siku bila kuruka hata siku moja, akasema wanaume wakipata nafuu kidogo huacha dawa, na ugonjwa ukirudi hurudi na hasira. Kwa hiyo kila mgonjwa lazima awe na mtu wa nyumbani atakayesimama mbele yake mpaka ameze.

"Nani atakusimamia?"

Marwa akamwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Na utamsikiliza?" Sista akauliza, kalamu ikiwa hewani. "Nataka unijibu mwenyewe. Utamsikiliza huyu mama?"

Marwa akafungua mdomo ajibu, kikohozi kikamwahi. Tulingoja sote watatu. Kilimshika kikamwinamisha, kikamwachia, kikamrudia, na kilipokwisha alikuwa amefumba macho, kifua kinapanda na kushuka, neno halitoki. Mama Hosiana alimpangusa mdomo kwa pindo la khanga, polepole, akamweka vizuri kwenye kiti.

"Atanisikiliza, Sista," akasema. "Pumzi ya kubishana nami hana tena."